Shajara ya Chalbi: Kutoka Isiolo hadi Ziwa Turkana

Jumatatu, Isiolo

Watu wa kaskazini wakipanda basi la Nairobi husema wanakwenda Kenya. Nilidhani ni mzaha wa mitandaoni mpaka leo mchana, nilipomsikia mama muuza chai ya maziwa ya ngamia karibu na stendi akimwambia mwenzake kwamba mwanawe "yuko Kenya anasoma". Hakucheka, na aliyeambiwa hakucheka pia.

Usemi huo una mizizi yake kwenye sheria. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, na kwa sheria hiyo wilaya iliweza kufungwa kabisa: asiingie mtu, asitoke mtu, mpaka awe na kibali. Sehemu yote ya kaskazini, yaani Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir, Mandera na Garissa, ikaitwa Northern Frontier District, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini. Wenyeji mpaka leo wanasema NFD tu. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine iliyompa ofisa wa wilaya uwezo wa kumpangia mfugaji eneo la kulishia, na kumtoza mifugo akilivuka. Isiolo ndiyo ilikuwa lango. Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa nafasi ya kukaa hapa, na hata wao walihitaji karatasi ili kutoka nje ya mji ambao wao wenyewe waliukuza.

Uhuru haukufungua lango mara moja. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta kwamba wakazi wengi wa NFD, hasa Wasomali, walitaka kuungana na Somalia. Uhuru ukaja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huku. Vita vilivyoitwa vya Shifta, yaani vya majambazi, viliendelea hadi 1967, Somalia na Kenya zilipoelewana Arusha chini ya usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Waborana wa bonde la Ewaso Ng'iro waliswagwa wakawekwa kwenye vijiji vya ulinzi, na mifugo yao ikafa kwa njaa au kwa risasi. Watu waliokuwa na mamia ya ngamia walitoka mle bila hata mmoja. Kanuni za hali ya hatari zenyewe zilifutwa mwaka 1991. Nimehesabu kwa vidole hapa kitandani: kuna watu wa Isiolo waliozaliwa, wakaoa na kupata watoto ndani ya hali ya hatari ambayo Nairobi ilishaisahau.

Mimi ni mtu wa Pangani, nimeingia na pasipoti ya Tanzania, na askari wa kizuizi cha barabarani ameiangalia kwa sekunde kumi akanirudishia. Abiria wa mbele yangu, mzee wa Kisomali mwenye kitambulisho cha Kenya, alichukua muda mrefu zaidi.

Jumanne, Marsabit

Lami tupu mpaka hapa, karibu kilomita 260. Barabara hii ya kwenda Moyale ilikamilika muongo uliopita tu. Kabla yake safari ilikuwa juu ya lori, siku nzima au mbili, kwa msafara wenye askari. Sasa nimesinzia Archer's Post nikaamshwa na ubaridi wa Marsabit.

Mlima huu unashangaza. Unatoka kwenye joto la Laisamis lenye miiba mitupu, unapanda kidogo, mara msitu, ukungu, mvua ya rasharasha na watu waliojifunga mablanketi. Kaunti ya Marsabit peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 65,000. Rwanda na Burundi zingeingia zote mbili na nafasi ikabaki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785. Karibu kila mtu aliyewahi kuitawala amekaa hapa juu, penye baridi na maji, akaliangalia jangwa kwa mbali.

Waingereza walifungua kituo hapa mwaka 1909, wakawaleta wakulima wa Kiburji kutoka upande wa Ethiopia walime chakula cha kituo. Dereva wangu ni mjukuu wa wakulima hao. Mwaka 1924 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walipiga kambi kwenye ziwa la volkeno ndani ya msitu na kukaa karibu miaka minne wakipiga picha za tembo. Ziwa hilo ndilo linaloitwa Paradise. Wakati huohuo, ng'ambo ya msitu, Marsabit ilikuwa jela. Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922 kwa kuwapigania wafanyakazi wa Nairobi, alimalizia kifungo chake hapa baada ya Kismayu na Lamu. Mandhari ile ile ilikuwa pepo ya mmoja na adhabu ya mwingine. Tembo Ahmed, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, anajulikana kote nchini, na sanamu yake iko makumbusho ya Nairobi. Habari za Thuku kuwa Marsabit nimelazimika kumweleza mhudumu wa hoteli.

Jioni dereva amenipeleka visima vya Ulanula, nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimevisikia kwa jina la "visima vinavyoimba", jina ambalo nadhani limebuniwa na wapiga picha. Wanaoimba ni wanaume. Wanasimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, wa chini akijaza dumu na kulirusha juu, wa pili akilidaka, wa tatu, mpaka birika la udongo lijae. Wimbo ndio unaoshika mwendo wa mikono. Akikosea mmoja, dumu linamvunja mwenzake meno. Nje ng'ombe wamepangwa kwa makundi na hakuna kundi linalosogea kabla ya zamu yake.

Zamu hizo ndizo nilizozifuata. Kisima kina ukoo unaokimiliki, kina utaratibu wa nani aliyechimba na nani aliyeomba, na kina msimamizi wa zamu ambaye Waborana humwita aba herega. Mgeni hanyimwi maji ya kunywa. Mifugo yake ndiyo inayojadiliwa, na mjadala huo una kumbukumbu ndefu: babu yako alisaidia kufukua tope mwaka fulani, basi wewe una nafasi. Historia ya huku, kwa kadiri ninavyoanza kuelewa, imehifadhiwa zaidi visimani kuliko kwenye magofu. Sisi wa pwani tumezoea kuonyeshwa ukuta wa matumbawe na kuambiwa "hapa palikuwa na mji". Huku ukiuliza palikuwa na nini, unaelezwa nani alikunywa baada ya nani.

Jumatano, Kalacha

Tumeteremka mlima alfajiri. Baada ya saa moja msitu ulikuwa ndoto. Mawe meusi ya volkeno, ya ukubwa wa kichwa, yamemwagika mpaka upeo wa macho, na gari linaenda kwa mwendo wa punda. Tumepita Maikona, kisha ghafla mawe yakaisha na Chalbi ikafunguka: tambarare nyeupe ya udongo na chumvi, haina mti wala kichaka, na hewa ya moto inachezacheza juu yake mpaka unaona maji yasiyokuwepo.

Maji hayo yalikuwepo. Kati ya miaka kama 11,000 na 5,000 iliyopita Afrika hii ilikuwa na mvua nyingi, Sahara ilikuwa na majani, na Chalbi ilikuwa ziwa. Ukichimba kidogo unakuta makombe ya konokono wa majini. Kulikuwa na wavuvi kwenye maziwa haya, na vyusa vyao vya mfupa vimefukuliwa Lowasera, ufukoni mwa Ziwa Turkana. Mvua ilipopungua ziwa la Chalbi likakauka na kuacha magadi, na watu wakaanza kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ni kufuga, na huku ni kufuga ngamia. Wagabra ndio wenye Chalbi. Wanasema Kiborana, lakini koo zao nyingi zina majina na mila zinazofanana na za Warendile na hata za Wasomali, kwa hiyo mtu wa Kalacha anaweza kuwa na ndugu wa ukoo mmoja katika kabila ambalo babu yake alipigana nalo. Koo kuu ni tano: Alganna, Gara, Galbo, Sharbana na Odola. Galbo hupanda kwa ibada hadi mlima Forole, mpakani kabisa, upande wa Ethiopia. Mkataba wa mpaka kati ya Uingereza na Ethiopia ulitiwa saini mwaka 1907. Mlima ukaenda nchi moja, waumini wengi wakabaki nchi nyingine, na ibada ikaendelea.

Mchana tumekaa kwenye kivuli cha mikoma na mzee mmoja wa hapa, dereva akitafsiri. Nilimwamkia kwa shikamoo ya kwetu, naye akajibu kwa maamkizi marefu yaliyouliza hali ya watoto, ya mifugo, ya mvua ya kwetu na ya barabara. Nilipomuuliza mambo ya zamani hakutaja mwaka hata mmoja kwa tarakimu. Alisema "mwaka wa Ijumaa ule wa baba yangu", "mwaka wa Jumatatu uliofuata ndui". Nilidhani ni lugha ya picha. Dereva akanieleza: mwaka wa Wagabra una siku 365, na hupewa jina la siku ya wiki ambayo umeanza. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja, kwa hiyo mwaka wa Ijumaa hufuatwa na wa Jumamosi, na majina yanarudi kila baada ya miaka saba. Wazee hulinganisha miaka yenye jina moja, mwaka huu wa Jumapili na wa saba nyuma na wa kumi na nne nyuma, wakitafuta nini kilijirudia. Warendile nao wana hesabu ya namna hiyo. Hakuna aliyeandika chochote, na bado mzee aliweza kurudi nyuma hadi kwenye maafa ya mwishoni mwa karne ya 19: sotoka iliyoua ng'ombe wa Afrika Mashariki yote, ndui iliyofuata, na majeshi ya Menelik, mfalme wa Ethiopia, yaliyoshuka kutoka kaskazini kuiteka nchi ya Waborana. Nimeandika haraka mpaka kalamu imeniishia wino, naye akasubiri kwa adabu nitafute nyingine.

Nikamuuliza mtu aliyepoteza mifugo yote anaanzaje tena. Hapo alichangamka. Mwenye ngamia wengi humwazima jike asiye na kitu. Aliyeazima anakamua maziwa na kulisha watoto wake, lakini jike na uzao wake wa kike wanabaki mali ya aliyetoa. Mkopo kama huo unaweza kupita kwa mtoto na mjukuu. Matokeo yake ni kwamba mifugo ya tajiri imetawanyika kwenye nyumba ishirini, malisho tofauti, na ukame wa sehemu moja hauwezi kummaliza. Na ombaomba hana, kwa sababu kila asiye na ngamia ana ngamia wa mtu.

Mfumo huo ndio uliobanwa na kufuli ya NFD. Mfugaji wa ngamia anaishi kwa kuhama kufuata mvua ambayo hainyeshi mahali pamoja. Ukimchorea mstari, umemwua kwa subira. Halafu ukaja ukame wa miaka ya 1970, na baada yake misheni, visima vya pampu na mahindi ya msaada. Kalacha, Maikona, North Horr, Kargi na Korr zimekua hivyo. Nyumba bado ni za mikeka ya katani zilizoinamishwa kama bakuli, kazi na mali ya wanawake, zinazoweza kubomolewa asubuhi na kupakiwa kwa ngamia. Mama mmoja amenionyesha nyumba yake kwa fahari, kila mti wa tao amerithi kwa mama yake. Nilipomuuliza mara ya mwisho alihama lini, alitaja mwaka kwa tarakimu. Mtoto wake anasoma hapa, akasema, na shule haipakiwi.

Kanisa la Kalacha lina michoro ya ukutani ya namna ya Ethiopia, watakatifu wenye macho makubwa. Ni nzuri. Nimeiangalia dakika tano, nikarudi kwa mzee.

Alhamisi, North Horr

Mchanga, upepo, na mji mdogo wenye maji mengi kuliko ulivyotarajiwa. North Horr ndilo jimbo la uchaguzi kubwa kuliko yote Kenya kwa eneo. Mbunge wake, Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alikufa tarehe 10 Aprili 2006 ndege ilipoanguka Marsabit. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge wenzake. Walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa amani kati ya Wagabra na Waborana, baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005, ambapo kijiji kilivamiwa asubuhi watoto wakijiandaa kwenda shule.

Sikuuliza zaidi. Kuna mambo mgeni hapaswi kuyachokonoa kwa sababu tu ana daftari. Dereva, ambaye si Mgabra wala si Mborana, aliendesha kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kwao wakati ule hawakulala nyumbani. Basi.

Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, bado unaonekana: mifupa ya ngamia pembeni mwa njia. Ngamia akifa kwa kiu, jua kwamba ng'ombe waliisha zamani.

Ijumaa, Koobi Fora

Saa nyingi za mchanga na mawe mpaka Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, halafu ziwa. Rangi yake ni ya kijani kibichi, na upepo unavuma kama umetumwa.

Hapa ndipo wanapotoka watu wa vitabu vya shule. Mwaka 1967 Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alipaa juu ya ufuko huu, akaona miamba ya matabaka. Mwaka uliofuata akaja kutafuta. Lakini macho yaliyopata mabaki mengi hayakuwa yake. Bernard Ngeneo ndiye aliyeona, mwaka 1972, vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Vilikuwa zaidi ya 150, vikaunganishwa kwa wiki kadhaa chini ya uongozi wa Meave Leakey. Kwanza walilipa umri mkubwa kupita kiasi, kwa sababu majivu ya volkeno yaliyolifunika yalipimwa vibaya, na wanasayansi wakazozana kwa miaka mpaka ikakubalika kwamba lina karibu miaka milioni 1.9. Ngeneo huyohuyo akapata mwaka 1975 fuvu jingine la mtu wa kale, lenye namba 3733. Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kazi kama kibarua wa kuchimba Olduvai mwaka 1960, alipata ng'ambo ya ziwa, Nariokotome, mwaka 1984, mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Yeye ndiye pia aliyepata taya la Peninj kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Natron, mwaka 1964. Alifariki 2022. Kuna nyani wa kale waliopewa jina lake kisayansi, na bado watoto wetu wanafundishwa jina la familia moja tu.

Askari wa wanyamapori aliyetutembeza alinionyesha gamba la kobe mkubwa na mifupa ya tembo wa kale, vimeachwa palepale vilipopatikana, vimejengewa kibanda tu. Akaeleza namna ya kutafuta: unatembea polepole asubuhi au jioni, jua likiwa chini, unatafuta rangi na umbo lisilo la jiwe. Mvua ikinyesha, unarudi palepale, kwa sababu mmomonyoko umefungua ukurasa mwingine. Nilitembea naye nusu saa nikaokota mawe matupu.

Kilichonivutia kuliko mafuvu kiko karibu na ghuba ya Allia, panapoitwa Jarigole: kilima cha kujengwa, chenye nguzo za mawe ya volkeno, makaburi ya wafugaji wa kwanza wa eneo hili, wa miaka kati ya 5,000 na 4,000 iliyopita. Upande wa magharibi wa ziwa, Lothagam, kuna kingine cha aina hiyo ambacho watafiti walikadiria mwaka 2018 kuwa kilizikwa watu wasiopungua 580, wanawake, wanaume na watoto pamoja, wote na mapambo, hakuna aliyetengwa kama mfalme. Fikiria wakati wenyewe: ziwa linapungua, mvua inaacha, ng'ombe na mbuzi ndio kwanza wamefika, na watu wanaohamahama wanabeba nguzo za mawe ili wawe na mahali pa kukutania kwa ajili ya wafu wao. Watu wasiokaa mahali pamoja walijenga mnara kwa pamoja, na hawakuhitaji chifu. Wanaosema mfugaji hajengi hawajafika hapa.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1973. Kwa sheria, mifugo hairuhusiwi ndani. Wadasanech wa Ileret na Wagabra huingiza mifugo yao ukame ukizidi, na askari wanajua, na wafugaji wanajua kwamba wanajua. Nilimuuliza askari kama inamsumbua. Alisema wazee wa wafugaji ndio wanaomwonyesha mifupa inayojitokeza baada ya mvua.

Jumamosi, njiani

Tairi mbili. Upepo. Biskuti. Usiku kando ya gari, mahali panapoitwa Gus.

Jumapili, Loiyangalani

Mikoma, chemchemi ya maji ya moto, vibanda, msikiti, kanisa, na ziwa chini yake. Nimeoga kwa mara ya kwanza tangu Marsabit.

Safari hii nimeikusudia kwa sababu ya mji huu, au kwa sababu ya watu waliopita ufukoni hapa Machi 1888. Kwenye ramani za Ulaya ziwa "liligunduliwa" na Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, wakalipa jina la mrithi wa ufalme wa Austria, Rudolf; Kenya ililibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Lakini msafara wenyewe uliondoka Pangani mwanzoni mwa 1887. Aliyewasaidia kuuandaa ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, aliyezijua njia za bara kuliko Mzungu yeyote. Mamia ya wapagazi walikuwa watu wa Pangani na Unguja. Von Höhnel ameandika jinsi walivyoteremka kwenye mawe ya moto kusini mwa ziwa, wamekauka kwa kiu, wakaona maji, wakakimbia wakipiga kelele na kujitosa, wakayakuta yana magadi. Kisha wakatembea ufukoni kwenda kaskazini, wakiacha wenzao njiani.

Kwetu Pangani kuna majumba ya zamani ya wafanyabiashara na ngome ya Wajerumani, na watalii wanaonyeshwa bandari. Sijawahi kusikia mtu akitaja ziwa hili. Wale wapagazi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani kuliona, na wengine hawakurudi. Baada yao walikuja wawindaji wa tembo, Waswahili na Waingereza, mmoja wao Arthur Neumann, ambaye mtumishi wake alichukuliwa na mamba humu ziwani. Ndani ya miaka michache tembo wa ufukoni walikuwa wameuawa, na pembe zao zikateremka pwani.

Mchana nimekwenda kwa Waelmolo. Ni moja ya makabila madogo kabisa ya Kenya, wavuvi na zamani wawindaji wa viboko, waliokuwa hapa Teleki alipopita. Lugha yao ya asili ya Kikushi imekufa katika karne iliyopita. Sasa wanasema Kisamburu. Wazee wachache wanakumbuka maneno ya samaki na ya upepo. Maji ya ziwa wanayokunywa yana floraidi nyingi, na unaiona kwenye meno ya kahawia na miguu iliyopinda ya wazee. Nimekutana nao Layeni, wanakausha sangara kwenye mawe.

Kijiji chao kingine, Komote, kilikuwa kwenye ncha ya ardhi iliyoingia ziwani. Tangu 2020 ziwa limepanda, ncha ikakatwa na Komote ikawa kisiwa. Nyumba za chini zimezama, na makaburi pia. Watoto wanavuka kwa mtumbwi kwenda shule, penye mamba. Kwa miaka mingi watetezi wa ziwa walihofia kinyume chake: asilimia kama 90 ya maji yake yanatoka mto Omo, Ethiopia ikajenga bwawa la Gibe III, na UNESCO ikaziingiza hifadhi za taifa za ziwa hili kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Mama mmoja wa Layeni aliponisikia nikitaja bwawa alisema, "Mama, sisi tuliambiwa tutakauka. Sasa nyumba yangu iko chini ya maji. Waulize wenye vitabu wachague moja." Wenzake walicheka, naye akaniuzia samaki kwa bei ya mgeni.

Jumatatu, Sarima na South Horr

Tumeondoka mapema kabla upepo haujakolea. Upepo huu unaosumbua wavuvi na kubomoa mahema ndio uliomleta mwekezaji: Sarima, kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo, jumla ya megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Umeme unasafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ardhi iliyotolewa kwa mradi ni ekari 150,000. Wenyeji walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria.

Hoja ya upande wa pili, kama ninavyoielewa, ilikuwa ya zamani sana: eneo hilo halikuwa na watu wa kudumu. Ni kweli, hapakuwa na watu wa kudumu, na ndivyo ardhi hii inavyotumika. Malisho ya Sarima ni ya msimu. Anayeyakuta matupu Januari hawezi kusema hayana mwenyewe. Wakoloni nao walianza na wazo hilohilo, na nimeshangaa kulikuta likiwa zima, safari hii limevaa kofia ya plastiki ya ujenzi.

Karibu na kijiji cha Sarima tumempa lifti mzee wa Kirendile anayekwenda South Horr kumwona binti yake. Nilimuuliza nani walikuwa wakilisha hapa kabla ya mitambo. Akaanza kupanga: Warendile kwanza, mwaka wa siku fulani, Wasamburu wakaomba, wakapewa, Waturkana wakaja baadaye, wakati wa njaa, wakakaa. Dereva akamkatiza kwamba Waturkana walikuwepo kabla ya njaa hiyo, baba yake aliuza mahindi kwao. Mzee akamuuliza baba yake alikuwa Mburji wa wapi na alifika mwaka wa siku gani. Dereva akasema hesabu hiyo haijui, anajua tarakimu. "Basi nyamaza," mzee akamwambia, "nikueleze." Hakunyamaza. Walipofika kwenye ng'ombe wa nani walikunywa kwanza katika korongo lililo chini ya Nyiro, mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika na kushika kiti kwa mikono miwili kwa sababu ya mashimo. Tumemshusha South Horr kwenye mti wa mkwewe, na kabla ya kufunga mlango aliinama dirishani akamtajia dereva shahidi wa tatu.